Siku moja katika maabara ya mitandao

Saa mbili asubuhi ninaanza na grafu za usiku. Kila baada ya dakika tano mfumo wetu wa ufuatiliaji huziuliza ruta na swichi, yaani vifaa vinavyopitisha data mtandaoni, zimepitisha baiti ngapi, na tofauti kati ya jibu moja na lililotangulia ndiyo inayochorwa. Leo kiungo kimoja cha gigabiti 1 kwa sekunde kinadai kuwa kilikuwa na usiku mtulivu, dai ambalo siliamini. Nikichunguza nakuta bado kinasomwa kwa kaunta ya biti 32, ambayo kiungo hicho kikijaa huifikisha ukomo na kuirudisha kwenye sifuri katika sekunde 34 hivi, kwa hiyo anayeisoma baada ya dakika tano hana namna ya kujua imezunguka mara ngapi. Ninahamia kaunta ya biti 64, ambayo kifaa kilikuwa nayo siku zote. Hata hivyo, wastani wa dakika tano utaendelea kuficha msongamano wa nusu sekunde.

Saa nne linafika lalamiko la aina ninayoipenda: miunganisho ya baadhi ya watumiaji inakwama, ya wengine haina shida, na ping, programu ya kupima kama kompyuta ya mbali inajibu, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, inajibiwa bila pakiti (kipande cha data) hata moja kupotea. Kati ya swichi zetu mbili kuu kuna njia nane zenye hadhi sawa. Ili pakiti za muunganisho mmoja zisipishane njiani, swichi huchagua njia kwa kukokotoa anwani mbili, namba mbili za poti (zinazotambulisha programu zinazowasiliana) na aina ya itifaki, yaani kanuni za mawasiliano. Ping haina poti, hivyo kati ya kompyuta zilezile mbili kwa kawaida hupita njia ileile, na kama mbovu ni nyingine, itausifu mtandao hadi jioni. Ninaandika programu fupi inayotuma pakiti zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa namba ya poti ya chanzo. Takriban sehemu moja ya nane ya namba hizo haipati jibu, na kila nikirudia, zinazokosa jibu ni zilezile.

Saa saba mchana, baada ya mapumziko mafupi, ninaiuliza programu yetu ya uthibitishaji kuhusu swichi hiyohiyo, nayo inasema kila kitu ni sahihi. Haijadanganya. Inasoma mafaili ya usanidi, yaani maagizo tuliyoviwekea vifaa, na kujenga kielelezo cha mtandao, na usanidi hauna kosa. Kilichoharibika ni kumbukumbu ndani ya kifaa chenyewe, ambayo kielelezo hakiioni.

Saa tisa zamu ya programu hiyo ya uthibitishaji inafika. Kuna pendekezo la kuongeza kiungo cha akiba. Anwani za intaneti za aina ya IPv4, zenye biti 32, ni zaidi ya bilioni 4, kwa hiyo hakuna atakayejaribu pakiti mojamoja; mbinu iliyochapishwa na watafiti wa Stanford mwaka 2012 huzishughulikia kwa makundi, kila kundi likiwa la pakiti zinazotendewa sawa. Jibu linakuja na mfano kamili: kiungo kikuu kikikatika, pakiti kutoka mtandao wa wageni zitafika kwenye seva ya mishahara bila kupita kwenye kichujio cha usalama. Hakuna jaribio la leo ambalo lingeligundua hilo, maana kiungo kikuu ni kizima. Pendekezo linarudishwa.

Saa kumi na moja jioni ninaandika ripoti, na ninapoomba muda wa kuzijaribu zana zetu zenyewe, ninataja tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook ilipotoweka kwa takriban saa sita: zana ya ukaguzi iliyopaswa kuzuia amri yenye madhara ilikuwa na kasoro, ikaiacha ipite. Kabla ya kuondoka ninaiacha programu ya poti ikiendelea kutuma, safari hii na pakiti kubwa pia, kwa sababu zipo hitilafu ambazo pakiti ndogo hazizigusi.