Kompyuta Iliyokuwa Ikizimika Ngoma Inapoanza

Shangani, Mtwara. Jumapili usiku.

Kwa majuma mawili kompyuta yangu ya mezani imekuwa ikizimika kila ninapoirenda, yaani kuitengeneza iwe faili moja lililo tayari kutazamwa, filamu ya watoto wa dada yangu walipotoka jandoni huko Kitangari mwezi Desemba. Leo ndiyo mara ya kwanza ninaketi kuandika nikiwa na hakika ya sababu, na ninataka kuyaweka mambo kwa mpangilio yalivyotokea, maana mpangilio huo ndio ulionifikisha kwenye jibu.

Kazi hii ni kubwa kwangu. Kwetu Wamakonde mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana dhamana yake katika siku kama ile. Nilishika kamera tangu alfajiri mpaka giza lilipoingia. Baada ya kuhariri nilibaki na saa 1 na dakika 50, ambazo kwa fremu (picha moja moja) 25 kila sekunde ni fremu 165,000, na kila moja ni lazima kompyuta iifungue, iirekebishe rangi, kisha iibane upya. Ninapoandika alama za wanafunzi prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, karibu imelala. Wakati wa kurenda viini vyake vyote hufanya kazi kwa asilimia 100 bila kupumzika. Ndiyo sababu ugonjwa uliokuwamo ndani yake kwa muda mrefu haukuonekana mpaka siku hiyo.

Mara ya kwanza ilikuwa saa tisa alasiri. Baada ya dakika 38 ilizimika ghafla, pasipo onyo wala ile skrini ya buluu ya hitilafu ya Windows. Faili lililobaki halikufunguka, kwa kuwa faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa mwishoni ile orodha inayoonyesha kila fremu ilipo, na likikatika kabla ya hapo programu haijui pa kuanzia kusoma. Niliwasha tena papo hapo, nikaanza upya: dakika 11. Nikarudia: dakika 6.

Wazo langu la kwanza lilikuwa umeme wa nyumba, lakini feni ya dari ilikuwa ikizunguka bila kusita kila mara kompyuta ilipokufa, na kipimo kwenye soketi kilionyesha kati ya volti 221 na 228, ambazo haziko mbali na 230 zinazotakiwa. Nilifungua kumbukumbu za Windows nikakuta tukio namba 41. Ninalitaja kwa sababu najua wengi hulikuta wakadhani wamepata jibu. Tukio hilo husema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu; halisemi ni nini kiliizima.

Kilichosema zaidi ni zile dakika: 38, 11, 6. Kompyuta iliyopumzika ilidumu, na iliyokuwa bado na moto haikudumu. Usiku huo niliamka saa nane, nikafungua dirisha linaloelekea baharini, nikarenda tena, ikafika dakika 52. Nikaweka programu ya kupima joto inayoandika kila baada ya sekunde 2, na mstari wa mwisho kabla ya kuzimika ulisoma nyuzi 99 za Selsiasi. Prosesa nyingi za Intel, kama hii yangu, zina ukomo wa karibu nyuzi 100. Zikiukaribia hupunguza kasi ili zipoe, na joto likiendelea kupanda hujizima zenyewe zisiungue.

Nilipofungua ubavu wa kasha nilisikitika. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna hewa yenye unyevu na chumvi, na vumbi linaloingia ndani halikai kama unga unaopeperuka, bali hushikana likawa kama blanketi. Kati ya feni na mapezi ya hitisinki, chuma kinachoondoa joto la prosesa, palikuwa na tabaka la namna hiyo, nene kiasi cha kulibandua kwa kidole kama kitambaa. Nilichomoa waya wa umeme, nikazuia feni kwa kalamu ili isizunguke, nikasafisha kwa brashi laini na kipulizio. Pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na hitisinki ilikuwa imekauka ikapasuka. Niliifuta kwa spiriti, nikaweka mpya, tone dogo kama punje ya dengu. Joto lilishuka hadi nyuzi 76, na nilimpigia dada nikamwambia filamu atakuwa nayo Ijumaa.

Sikupaswa kumwambia hivyo. Ilizimika tena, baada ya saa 1 na dakika 20.

Jioni hiyo ilinichosha kuliko zote, na nilikaribia kusema kwamba pesti niliyoiweka ni mbaya. Lakini mstari wa mwisho ulisoma nyuzi 77, na joto la namna hiyo haliizimi kompyuta. Niliwasha upya bila kuipumzisha, nikarenda kuanzia katikati. Ikazimika tena, na nilipotazama ilikuwa imeishia kwenye fremu zile zile, pale ngoma ya sindimba inapoanza. Kabla ya hapo kuzimika kulifuata muda. Sasa kulifuata mahali. Sehemu ile niliipiga jua likiwa limezama, picha zikawa na chengachenga, na nilikuwa nimeiwekea kichujio cha kuzisafisha ambacho hutumia kadi ya michoro, kile kipande kinachoshughulikia picha, kwa nguvu zote. Kwa hiyo prosesa na kadi vilikuwa vikidai umeme mwingi kwa pamoja. Nilipokiondoa kichujio, sehemu hiyo ilipita salama.

Jumamosi niliibeba mashine kwa fundi aliye karibu na soko. Kijana huyo alisikiliza maelezo yangu yote mpaka mwisho, jambo ninalolithamini, kisha akasema, "Mwalimu, tusikisie, tupime." Aliweka ncha za multimita (kipimo cha umeme) kwenye waya wa njano na mweusi wa plagi ambayo haikuwa na kazi. Mashine ikiwa imetulia ilisoma volti 12.0. Tulipoanza kurenda sehemu ya ngoma ikashuka hadi 11.5, kisha 11.2, ikazimika mbele yetu. Waya wa njano unatakiwa ubaki kati ya volti 11.4 na 12.6. Pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ilikuwa imezeeka: kupitia matundu ya feni yake tuliona kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) mbili zilizovimba vichwa. Hatukuifungua. Kapasita za ndani zinaweza kubaki na umeme hatari hata baada ya waya kuchomolewa, na fundi huyo alikataa katakata kuigusa ndani, nami namheshimu kwa hilo.

Hakuniuzia kitu kwanza. Alinifungia saplai yake ya wati 550 kwa majaribio, kwa kuwa ya kwangu ilikuwa na wati 300 tu na kadi ya michoro niliiongeza miaka kadhaa baada ya kuinunua mashine, bila kupiga hesabu. Sehemu ya ngoma ikapita mara tatu mfululizo, na volti hazikushuka chini ya 11.8. Hapo ndipo nikanunua.

Usiku wa kuamkia leo niliirenda filamu yote pamoja na kichujio chake, nikiwa nimeketi kando na daftari. Joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi 79. Ilimalizika saa kumi na moja alfajiri. Nimeitazama sehemu ya ngoma mara mbili. Nyuso za wali, wale watoto waliotoka jandoni, zinaonekana vizuri kuliko nilivyotarajia. Flashi iko ndani ya bahasha yenye jina la dada, na kesho asubuhi nitaikabidhi kwenye basi la Newala.