Kabla ya Mtaro wa Bomba Kuchimbwa

Mtaro wa bomba la maji kando ya barabara ni mwembamba, na ndiyo maana wengi huona kwamba hauhitaji mwanaakiolojia. Mimi sikubaliani nao, kwani hapa visiwani mabaki ya miji ya kale mara nyingi yamo karibu na uso wa ardhi, na mtaro mrefu hupasua maeneo mengi kuliko msingi wa nyumba moja.

Unguja Ukuu, bandari iliyostawi katika milenia ya kwanza, imetoa vigae vya vyungu vya kienyeji vyenye michoro ya pembetatu pamoja na vya vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi na Uchina. Kigae kikitolewa katika tabaka lake la udongo husaidia kukadiria umri wa makazi. Kikiokotwa katika rundo la kifusi, hakisemi mengi.

Kwa hiyo watafiti hupitia ramani, huwauliza wazee (ambao, kwa maoni yangu, huyajua makaburi kuliko ramani yoyote), hutembea njia nzima ya bomba, kisha huchimba vishimo vya majaribio na kuchekecha udongo wake, huku wakiandika kina cha kila tabaka. Wakikuta ukuta au kaburi, bomba linaweza kuhamishiwa upande wa pili wa barabara wakati bado ni mstari kwenye karatasi, jambo ambalo ni rahisi kuliko kulisimamisha katapila kazini.