Maumivu ya kiuno yaliyoshuka hadi mguuni: kilichonisaidia

Naendesha bajaji, kutwa nimekaa. Maumivu yalianzia kiunoni upande wa kulia, yakapita takoni hadi nyuma ya paja, kama shoti ya umeme. Nikitembea yanapoa, nikirudi kwenye usukani, yaleyale.

Diklofenaki ilituliza kwa saa chache tu. Kuchuliwa mafuta, wapi. Kulala kutwa ndiyo kabisa, niliamka nimekakamaa zaidi.

Hospitali, mtaalamu wa fiziotherapia hakukimbilia picha. Aliuliza kwanza: mkojo unatoka vizuri? Kuna ganzi sehemu za siri? Mguu unalegea? Homa, kukonda, kuanguka? Mkojo ukigoma au ganzi ikiingia huko, alisema, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Sikuwa na hata moja. Akaniambia nikae kama niko kazini, kisha akagonga mfuko wangu wa nyuma: pochi nene ya chenji, leseni na risiti za mafuta, upande uleule wa kulia! Nyonga inainama, mshipa wa fahamu unabanwa kutwa nzima.

Pochi ikahamia mfuko wa kifuani. Kila baada ya abiria wawili watatu nashuka, natembea kidogo. Jioni nalala chali, navuta goti la kulia kuelekea bega la kushoto, nahesabu hadi 30. Mguu ulitangulia kupona, kiuno kikafuata taratibu.

Yako yakipita wiki 6, au yakikuamsha usiku, nenda ukapimwe.