Mkataba wa makao ya wazee: kalamu niliirudisha mkobani

Kwetu Malindi ukisema unamtafutia mzee makao, watu hawaulizi makao yapi. Wanauliza umekosa nini hata ukamtupe mzazi. Basi niseme mapema: huyu ni mama mkubwa, hakujaaliwa mtoto, mumewe ametangulia mbele ya haki, na akili imeanza kumtoka. Usiku wa manane alikuwa anafungua mlango aende kuitafuta nyumba ya babake Shela, nyumba iliyobomolewa mimi sijazaliwa. Mimi niko kazini kutwa, ndugu zangu wako Mombasa na Maskati. Anayetaka kunisema aje alale naye wiki moja, kisha tuzungumze.

Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja: tia saini tu. Kaka yangu wa Maskati akaniambia, "Mikataba yote ni mamoja, dada, usituaibishe mbele za watu." Binamu yangu mmoja alizidi. Alisema nikiuliza sana wataniona mkorofi, halafu bi mkubwa ndiye atakayeteseka. Hilo ndilo lililonikera hasa. Ikiwa mtu atamtesa mgonjwa kwa sababu jamaa yake amesoma karatasi, bora nimjue kabla sijamlipa.

Makao ya kwanza niliyokwenda hawakunipa karatasi yenyewe. "Mkataba hautoki ofisini, mama. Soma hapa hapa." Kurasa kumi na kitu, Kiingereza cha mahakamani, na kijana amenisimamia na kalamu. Nikamwambia nimesahau miwani nyumbani, nami ninayo kichwani. Nikaaga. Mpaka leo wananipigia simu.

Ya pili yako upande wa Casuarina, yalijengwa kwa ajili ya Waitaliano waliostaafia huku. Bustani safi, wauguzi wana adabu, chakula nilikionja. Mkataba walinipa, niende nao nyumbani. Kila ukurasa una safu mbili, Kiitaliano kushoto na Kiingereza kulia, na mwishoni kwa herufi ndogo: zikitofautiana, ya Kiitaliano ndiyo itakayofuatwa. Hapo nikacheka peke yangu. Kumfichia mtu wa Malindi jambo kwa Kiitaliano!

Nikapanda matatu hadi Ngomeni kwa Ami. Ujana wake wote aliumalizia San Marco, kule kwenye mitambo ya baharini Waitaliano walikokuwa wakirusha satelaiti. Hukai naye dakika tano hajakukumbusha kwamba satelaiti ya Uhuru iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, yeye alikuwapo. Alikuwapo kweli, jikoni kambini, anamenya viazi. Kiitaliano chake nusu ni matusi, lakini kusoma anasoma. Nikamwamkia, tukanywa kahawa, akaanza kushusha kidole safu kwa safu kama anayetafuta chawa. Nami nimenyamaza. Kurasa tatu hakuna neno. Kisha akagonga meza: "Mwanangu, huku kwa Kiingereza wamesema notisi ya kuondoka ni siku 30. Huku siku 90. Na hata mtu akifa!" Yaani bi mkubwa akitangulia leo, sisi tunalipa kitanda miezi mitatu. Ami akatukana kidogo kwa Kiitaliano, akaendelea. Akaibua na yuro: ada imeandikwa kwa shilingi upande mmoja, upande wa pili kwa yuro, kwa kiwango kitakachopangwa na uongozi. Nilimwachia kilo mbili za samaki aina ya changu, na hata hivyo nilimpunja.

Lakini ujanja ninaojivunia ni wangu mwenyewe. Nilirudi ofisini nikamwambia meneja, mama mmoja mstaarabu sana, "Naomba uniandikie bili ya mwezi ambao haujafika. Mama mkubwa ameanguka chooni tarehe 3. Amelazwa hospitali siku 10. Amerudi hawezi kutembea, anavaa nepi usiku na mchana, na lazima alishwe." Akacheka akidhani ni mzaha. Nikavuta kiti. Akamwita mhasibu, wakanong'ona, wakaenda chumba cha ndani, wakarudi na karatasi.

Ada ya mwezi ipo. Kuna nyongeza kwa kuwa amepanda "kiwango cha tatu cha uangalizi". Kuna nepi kwa bei yao. Kuna gari la kumpeleka hospitali. Na zile siku 10 alizolazwa, kitanda kinalipiwa kizima, pamoja na chakula ambacho hakukila. Jumla ilikaribia mara mbili ya ile ya kwenye brosha. Na wala hawakudanganya, yote yamo mkatabani, ila yametawanywa. Viwango viko kifungu cha saba, kitanda kiko kwenye kiambatisho, nepi ziko kwenye kanuni za nyumba ambazo sikupewa, lakini ukitia saini unahesabika umezikubali. Karatasi hiyo ya bili ndiyo tuliyojadiliana juu yake, si mkataba. Nepi nanunua mwenyewe. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, zinaishia humo na hazitoshi. Kitanda kitupu tulisimama kwenye nusu ada. Mimi nilitaka robo.

Kifungu cha maiti sikukijadili. Kilisema mwili upelekwe mochari yao na utolewe hesabu zikishafungwa. Sisi tunazika siku hiyo hiyo tukijaaliwa, na mahakama zetu zimeshasema zaidi ya mara moja kwamba maiti haishikwi kwa deni. Nikamwambia kitoke chote. Akakifuta papo hapo. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kukisoma.

Halafu pale pa saini yangu pameandikwa "mdhamini", maana yake pesa zikikwama wananidai mimi na nyumba yangu. Neno hilo nikalifuta, nikaandika kwamba nasaini kwa niaba yake kwa hati ya uwakili, na ada inatoka kwenye kodi ya vyumba vyake. Hati hiyo tuliiandikisha kwa wakili bi mkubwa akiwa bado anajua anachokisaini, kwa elfu chache tu. Msingoje, na mwulizeni wakili hati itasimama hadi lini. Akili ikishaondoka wakili hana la kuwafanyia, ni mahakamani kuomba msimamizi chini ya Sheria ya Afya ya Akili, na huko nenda rudi.

Kila palipofutwa tulitia saini pande zote mbili, kurasa zikawa chafu kweli. Kaka yangu alipotumiwa picha akauliza mbona mkataba umechorwachorwa. Nikamtumia na ile bili. Hajajibu, ila mwezi huo pesa zake ziliwahi.

Sasa mkataba unakaribia kuhuishwa, na wameniletea barua ya kupandisha ada. Nimewajibu wanitengenezee bili nyingine, na safari hii bi mkubwa amevunjika nyonga.