Nilivyoyadhibiti maumivu ya kiuno kwa msaada wa daktari wa osteopathia

Maumivu ya kiuno yamezoeleka mno miongoni mwetu tunaofanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hata mtu akilalamika huambiwa pole na kazi ikaendelea. Dagaa wanaoshushwa kutoka visiwani hupimwa, hujazwa kwenye magunia, kisha midomo ya magunia hushonwa kwa shazia, na karibu shughuli zote hizo hufanywa mtu akiwa ameinama. Mimi niliishi na maumivu hayo kwa miaka. Yalianzia upande wa kulia wa kiuno, yakashuka hadi kwenye nyonga, na ilifika mahali asubuhi sikuweza kusimama bila kushika ukingo wa kitanda. Nilikuwa nikimeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, karibu kila siku, nikavaa mkanda wa mgongo, nikakandwa na wazee wanaoaminika mtaani kwetu. Nafuu niliipata, lakini haikukaa.

Ndipo jirani yangu aliponieleza kwamba katika hospitali moja ya misheni kandokando ya ziwa kulikuwa na daktari kutoka Marekani aliyekuja kujitolea, ambaye alisomea osteopathia na aliwatibu wagonjwa wa mgongo kwa mikono. Kabla ya kwenda niliuliza hospitalini kama ana kibali cha Baraza la Madaktari Tanganyika, nikajibiwa kwamba anacho. Swali hilo ningependa kila mgonjwa aliulize, kwa sababu mtu yeyote anaweza kujiita mtaalamu wa mifupa, na shingo au uti wa mgongo si mahali pa kumwachia asiyesomea.

Inafaa nieleze kidogo daktari wa namna hii ni nani. Osteopathia ilianzishwa Marekani na daktari Andrew Taylor Still, aliyeanza kuitangaza mwaka 1874, akafungua chuo chake mjini Kirksville, katika jimbo la Missouri, mwaka 1892. Kuna kipindi Still mwenyewe alijitangaza kuwa mwunga mifupa, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa Usukumani, kwani waunga mifupa tunao na tunawaheshimu. Hata hivyo, anayehitimu leo katika vyuo vya osteopathia vya Marekani ni daktari kamili: husoma miaka 4 ya udaktari kama wenzake, hufanya mafunzo ya hospitali, huandika dawa, hupasua, na juu ya hayo hufundishwa kuchunguza na kutibu misuli, viungo na pingili za mgongo kwa mikono. Katika nchi nyingine, Uingereza ikiwamo, mtaalamu wa osteopathia husajiliwa kisheria lakini kwa kawaida si daktari wa kuandika dawa. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mgonjwa, na katika hali yangu ndiyo iliyoniokoa.

Siku niliyoonwa, sikuguswa kiuno mapema kama nilivyotarajia. Daktari aliuliza maswali mengi kwa kupitia muuguzi: kama ninatokwa na jasho usiku, kama nimepungua uzito, kama niliwahi kuugua kifua kikuu, kama ninapata ganzi mapajani au ninashindwa kuzuia mkojo. Muuguzi alinieleza kwa upole, "Mama, usione haya, haya yote anayauliza kwa sababu mgongo unaweza kuuma kwa ugonjwa mwingine kabisa." Kifua kikuu huweza kushambulia pingili za mgongo, nasi tunaishi katika nchi ambayo ugonjwa huo bado upo, kwa hiyo nilimwelewa. Baada ya hapo alinigonga magoti na vifundo kwa nyundo ndogo, akauinua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akanitazama nikitembea na kuinama, na mwisho akazipapasa pingili zangu moja baada ya nyingine, akasimama pale pale panaponiuma bila mimi kumwonyesha. Alisema sikuhitaji picha ya eksirei wakati huo, kwa kuwa hakuna dalili ya hatari aliyoiona.

Kisha akanipima shinikizo la damu, likawa juu. Akaomba kuona dawa zangu, akaukunjua mfuko wa diklofenaki mezani na kuniuliza kuhusu tumbo. Tumbo lilikuwa likiniwaka muda mrefu, ila nililihesabu kuwa jambo jingine. Alinieleza kwamba dawa za jamii hiyo zikitumiwa mfululizo zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Mkandaji hodari angeweza kunilegeza misuli, lakini asingeyaunganisha mambo hayo matatu, yaani kiuno, tumbo na shinikizo la damu, ndani ya chumba kimoja. Hapo ndipo nilipoiona faida ya kutibiwa na mtu ambaye mikono yake na kalamu yake ya dawa vinafanya kazi pamoja.

Tiba yenyewe haikuwa ya kuvunjwavunjwa kama wengi wanavyoogopa. Nililala chali, akalikunja goti langu kuelekea kifuani, akaniambia nisukume taratibu dhidi ya mkono wake kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha nilegee; nilipolegea alilisogeza goti mbele zaidi kidogo, tukarudia. Misuli ilikuwa ikiachia kama kamba ya mtumbwi inapolegezwa gatini. Kesho yake nilisikia uchovu wa misuli, jambo alilokuwa amenitahadharisha nalo, ukapita.

Aliniagiza pia niuache mkanda. Nilishangaa, kwa maana niliununua kwa gharama. Lakini baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, haliushauri mkanda kama tiba ya kawaida, bali linataja elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na miongoni mwa mengine tiba ya mikono. Niliyoagizwa kufanya nyumbani yalikuwa mazoezi mepesi juu ya mkeka kila asubuhi na kutembea kwa miguu, nami nikazoea kutoka Kirumba hadi Kitangiri jioni baada ya kufunga hesabu. Kazini nilibadili mambo mawili: dagaa ninawachambua juu ya meza inayonifikia kiunoni, na gunia lililojaa halinyanyuliwi na mtu mmoja.

Diklofenaki niliipunguza chini ya usimamizi wake, tumbo likatulia, na shinikizo la damu likaanza kushuka. Maumivu hayakutoweka kabisa, wala daktari hakuniahidi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwalinganisha wagonjwa wa kiuno waliopata tiba ya osteopathia na waliopata matibabu ya kawaida. Nafuu yao ilikaribiana, ila wale wa osteopathia walitumia dawa kidogo zaidi. Kwangu mimi, ambaye tumbo na shinikizo la damu vilikuwa vikiathirika, kupungua kwa dawa ni faida yenye uzito mkubwa.

Madaktari wa aina hii ni wachache sana kwetu, na wanaojitolea huja na kuondoka. Kabla hajarudi kwao, niliomba aniandikie barua yenye maelezo ya uchunguzi wake na mazoezi aliyonipa, nikaipeleka hospitali ya Bugando kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ambaye aliisoma yote, akayabakiza mazoezi mengi na kuyaongeza mengine ya kuimarisha misuli ya tumbo. Ndiye anayeniangalia hadi sasa, na shinikizo la damu ninalipima kliniki kila mwezi.