Siku moja maishani mwangu: bastola ya Liège na gobore la Katanga

Saa 11 na nusu alfajiri. Ninaamka mapema kwa sababu mabasi madogo ya kutoka Katuba kwenda mjini hujaa kabla jua halijatoka. Kazi yangu ni kuandika daftari la mkusanyiko wa vitu vya kale wa mtu binafsi hapa Lubumbashi: kupima kila kitu, kukichora na kueleza kilikotoka. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa kwenye kabati la silaha, ambazo zote ni za zamani na hazifyatuki tena.

Saa 2 asubuhi ninafungua kabati, ninavaa glavu na kuweka mezani bastola yenye silinda ya matundu 6 na mtutu wa pembe 8. Ni ya aina ile ambayo mpigaji hana budi kuvuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Nyundo ikirudi nyuma, silinda huzunguka na tundu jipya husimama nyuma ya mtutu, na kifyatulio hubaki na kazi moja tu ya kuiachia nyundo. Samuel Colt alipata hati ya uvumbuzi wa bastola ya silinda huko Marekani mwaka 1836, lakini hii niliyoishika haikutoka Marekani. Juu ya mtutu yamechongwa maneno "Colt Brevete", ambayo mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliyapiga kwenye bastola walizozitengeneza kwa ruhusa ya Colt katika miaka ya 1850.

Saa 3 na nusu ninachukua lenzi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kwenye silinda kuna duara lenye umbo la yai, dogo kuliko punje ya mchele, na ndani yake zimo herufi ELG na nyota chini yake. Ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège: silaha ilijazwa baruti nyingi kuliko kawaida, ikafyatuliwa, na ilipovumilia bila kupasuka ndipo ilipopigwa alama. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya yai hilo. Ninageuza silinda kuelekea dirishani, ninatazama tena, na taji halipo. Kwa hiyo bastola hii ilijaribiwa kabla ya mwaka huo. Alama isiyoonekana vizuri kwa macho matupu imenipa mji, jaribio na mpaka wa miaka.

Saa 5 ninaweka kando yake gobore refu, lenye kitako kizito na mtutu usio na herufi hata moja. Katika daftari la zamani, mtu fulani aliandika kwamba ni la kienyeji na kwamba mtengenezaji hajulikani, akafunga ukurasa. Maandishi hayo yananiuma kila ninapoyasoma. Bunduki zilifika Katanga zamani sana: Msiri, mfalme wa huku, alizipokea Bunkeya, mji wake mkuu, kutoka kwa wafanyabiashara wa Benguela upande wa magharibi na kutoka kwa Waswahili upande wa mashariki, akilipa kwa pembe za ndovu, shaba na watumwa, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mataifa yaliyokutana Brussels yalikuwa yamezuia bunduki za kisasa kuingia Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, isipokuwa kwa vibali. Bunduki za gumegume, zinazowasha baruti kwa cheche za jiwe, ziliruhusiwa kwa masharti, na baadaye mwindaji Mkongo aliweza kupewa kibali cha bunduki ya fataki, inayowasha baruti kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Silaha ya aina hiyo ilipoharibika kijijini, mwenyewe aliipeleka kwa mhunzi.

Saa 7 mchana ninakula bukari na sombe haraka haraka.

Saa 8 ninamfuata mhunzi mmoja mzee katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anayetengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, na majembe, ambaye marehemu baba yake alikuwa akirekebisha magobore ya wawindaji. Silaha yenyewe haitoki chumbani, hivyo nimebeba picha na skurubu moja iliyofungwa kwenye kitambaa. Anaisugua kwa kidole, anaisogeza kwenye mwanga.

"Papa, ni nani aliyelitengeneza?"

"Mwanangu, uliza ni akina nani. Mtambo huu wa kufyatulia ni wa Wazungu, umetolewa kwenye bunduki iliyokufa. Skurubu hii ni ya mhunzi wa huku. Tazama meno yake, hayalingani, ameyakata kwa tupa. Na kitako hiki ni cha mti wa mulombwa, hiyo ni kazi ya seremala."

Ninaandika kila neno. Hata Liège kazi ilikwenda hivyo: mitutu ilifuliwa katika vijiji vya bonde la Vesdre, mitambo ilitengenezwa na wengine majumbani mwao, na mfanyabiashara ndiye aliyekusanya vipande na kuweka jina lake.

Saa 10 umeme umekatika, ninaandika karibu na dirisha. Jambo hili si la makumbusho peke yake. Bunduki za kienyeji, ambazo watu wengi wa mashariki na kusini mwa nchi huziita pupu, zimeua watu katika miaka yetu, na isiyo na alama haimwelekezi mpelelezi popote. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi za Afrika ya Kati ziweke alama kwenye silaha na kudhibiti utengenezaji wake, na ninauunga mkono kwa moyo wote.

Saa 12 jioni. Maandishi ya zamani sikuyafuta, kwa kuwa nayo ni ushahidi. Chini yake nimeandika: "Mtambo wa Ulaya, uliohamishwa kutoka bunduki nyingine, skurubu ya mhunzi wa Katanga, iliyokatwa kwa tupa, kitako cha mulombwa, cha seremala." Nimeirudisha skurubu mahali pake, nikaufunga mlango wa kabati.