Intakula ya maji kwenye Legacy RS: nilivyozuia joto lisirudi

Subaru Legacy RS ya kizazi cha kwanza ilitoka kiwandani na intakula ya maji juu ya injini, yaani kifaa kinachotumia maji kupoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini. Dalili: ukikanyaga mafuta mara moja inakwenda vizuri, ukirudia mfululizo nguvu inashuka na injini inaanza kugonga (mafuta yanalipuka vibaya ndani kwa sababu ya joto).

Kabla ya kununua intakula kubwa, shika mipira ya maji ya intakula usikie joto lake. Kwangu, rejeta ndogo ya mbele inayopoza maji hayo ilikuwa baridi huku intakula ikiunguza mkono, yaani maji hayakuzunguka. Pampu ya zamani ilikuwa dhaifu, na hewa imenasa juu.

Nilifunga pampu ya umeme ya Bosch ya lita 20 hivi kwa dakika, kwa relei na fyuzi yake, chini kuliko tenki la maji ya intakula, kwani haiwezi kujivutia maji ikiwa na hewa ndani. Mzunguko: tenki, pampu, rejeta, intakula, tenki. Mpira wa milimita 19 usikunjike popote. Mdomo wa tenki uwe juu kuliko vyote. Ujaze pampu ikizunguka hadi mapovu yaishe.

Kulanti (dawa ya rejeta) asilimia 30 kwenye maji inatosha kuzuia kutu. Ukizidisha, mchanganyiko unabeba joto pungufu. Rejeta ikae mbele ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta na hutoa joto la AC), siyo nyuma yake.